Daftari la Jicho la Kiranja

Mbwa wa Mzee Kengele alianza kukonyeza siku ya Jumatatu, na kufika Jumatano nyumba nzima ilikuwa imecheka mpaka imechoka. Binti wa mwisho alimpiga picha akawatumia wenzake wa chuo. Kaka yake mkubwa alisema mbwa ameona jike mtaa wa pili. Mke wa huyo kaka, ambaye cherehani yake ilikaa sebuleni na kwa hiyo alikuwa na maoni juu ya kila kilichopita sebuleni, alisema mbwa anawakonyeza wateja wake, na kwamba mteja mmoja, mjane wa makamo, alikuwa karibu kumjibu.

Mzee hakucheka. Alipiga goti, akakishika kichwa cha mbwa kwa mikono miwili, akakivuta karibu na uso wake mpaka pua zikagusana. Kwa umbali huo aliweza kuona jambo. Jicho la kushoto lilikuwa jekundu, linachuruzika machozi, na mbele ya mboni palikuwa na ukungu kama maji yaliyooshea mchele. Alipomgeuza kuelekea dirishani, mbwa alilia na kujificha kwapani mwake.

Waliomwona Mzee akigusana pua na mbwa walidhani ni mapenzi. Mapenzi yalikuwepo, lakini si hayo tu. Pua kwa pua ndio umbali pekee ambao Mzee Kengele alikuwa bado anaona kitu sawasawa.

Hiyo ilikuwa siri yake, na aliilinda kuliko kengele. Kengele yenyewe haikuwa siri kwa mtu yeyote. Alikuwa mwalimu mkuu kwa miaka thelathini na mmoja, na alipostaafu shule ilimzawadia saa ya ukutani, yeye akajizawadia kengele ya shaba yenye mpini wa mbao. Tangu hapo familia yake iliamka kwa kengele, ikala kwa kengele, ikazima taa kwa kengele. Majirani walirekebisha saa zao kwayo na wakampa jina.

Macho yalianza kumfungia pazia miaka miwili iliyopita. Alijua fika ni mtoto wa jicho. Alijua pia kwamba mtoto wa jicho hutolewa hospitalini asubuhi, na jioni mtu yuko kwake anaangalia taarifa ya habari. Lakini ili mtu atibiwe lazima kwanza aseme “sioni”, na Mzee alikuwa ametumia maisha yake yote kuwaambia watu kwamba anaona: anaona anayeongea nyuma ya darasa, anaona anayetafuna, anaona hata kwa kisogo. Isitoshe, mwanawe alishatangaza mezani kwamba siku macho ya Baba yatakapochoka, hakuna tena kutoka getini peke yake. “Tutakuwekea kiti hapo kibarazani, Baba, upunge upepo.” Kiti kilishanunuliwa. Kilikuwa cha plastiki, cheupe, kimeegemezwa ukutani kikimsubiri, na kila asubuhi Mzee alikipita bila kukisalimia.

Aliyemwezesha kukipita alikuwa mbwa wake, Kiranja. Saa moja kamili asubuhi walitoka wawili, mbwa mbele kidogo upande wa kushoto, bega lake likigusa muundi wa Mzee. Mtaro ulikuwa wazi kushoto kwa barabara tangu mifuniko yake ilipoibwa. Kiranja akifika penye ukingo uliomomonyoka, alisimama na kuegemea, na Mzee akasogea kulia kama mtu aliyeamua mwenyewe. Pikipiki ikija, Kiranja alisimama, naye akasimama. Majirani walisifu: “Mbwa ana nidhamu yule! Tazama anavyofuata amri za mwalimu.” Mzee aliitikia kwa kichwa. Aliyekuwa anafuata amri alijulikana na wawili tu, na mmoja wao hakuwa na uwezo wa kusema.

Kwa hiyo mtu asiulize kwa nini Alhamisi Mzee alivaa koti, akamwita mkwe wake amsindikize, wakaenda kliniki ya mifugo. Jicho la Kiranja likipotea, kile kiti cheupe kilikuwa tayari.

Daktari wa mifugo alikuwa mwanafunzi wake wa zamani. Alipomwona mlangoni alisimama wima, akaificha mikono nyuma, halafu akakumbuka kwamba kliniki ni yake akaketi tena. Chumba kilinuka dawa ya kuogeshea ng'ombe. Alivuta pazia, akawasha kurunzi ndogo, akamchunguza mbwa kwa muda mrefu, kisha akapekua nyuma ya sikio na kutoa kupe aliyenona, akamweka kwenye kisahani.

“Mwalimu, tatizo limeanzia kwa huyu. Amempa ugonjwa wa damu, na damu imepeleka moto ndani ya jicho. Siyo vumbi. Jicho limewaka kwa ndani, ndiyo maana hataki mwanga na ndiyo maana analifumba. Wala hakonyezi. Anaumia.”

Mkwe, aliyekuwa amecheka sana Jumatatu, alitazama sakafu.

“Tukiuzima moto mapema, ataona,” daktari aliendelea. “Tukichelewa, presha inapanda humo ndani, jicho linakuwa gumu, na hapo sina cha kumrudishia. Na hili la kulia nalo limeanza kidogo. Vidonge viwili kwa siku, hivi ni vya ugonjwa wa damu. Na matone haya mara nne kwa siku, macho yote mawili, siku kumi. Bila kukosa, Mwalimu.”

“Binti yangu, mimi nimeendesha shule ya watoto mia nane.”

“Najua, nilikuwa mmoja wao. Sasa, kuhusu kuifungua hii chupa, kizibo chake kina—”

“Nimefungua shule mbili na maktaba moja,” alisema Mzee akinyoosha mkono kupokea. “Chupa ndiyo itanishinda?”

Daktari alifunga mdomo. Alikuwa amefundishwa tangu darasa la tatu kwamba Mwalimu Mkuu hakatizwi, na mwalimu aliyemfundisha hivyo ndiye aliyekuwa mbele yake. Jicho la Kiranja lilianza kupotea pale pale, kwa sababu ya adabu.

Jioni hiyo kengele ililia saa ambayo si ya chakula, na watu watatu wakajipanga sebuleni. Mwanawe alikuwa afisa takwimu kwenye ofisi ya serikali. Binti alikuwa mwaka wa pili chuo cha uuguzi. Mkwe alikuja na sindano mbili mdomoni. Mzee alikuwa ameshachora daftari kwa rula, kwa kalamu nene ambayo hata yeye aliweza kuifuata: Siku, Saa, Mtiaji, Saini, Maoni. Saa kumi na mbili asubuhi ilikuwa zamu ya mwanawe, saa nne ya mkwe, saa nane mchana ya Mzee mwenyewe, na saa kumi na mbili jioni ya binti, ambaye pia angekuwa msomaji wa daftari kila siku baada ya chakula.

“Kila atakayetia dawa atasaini,” alisema. “Na ataandika maoni. Sitaki kuona nafasi tupu.”

Aliomba asione nafasi tupu, na kwa kweli hakuiona hata moja.

“Na vidonge je, Baba?” aliuliza mkwe baada ya kutoa sindano mdomoni.

“Ah, vidonge. Wewe vifinyangie kwenye nyama ya kusaga, umpe.”

Vidonge havikupewa safu, wala saini, wala maoni. Ndiyo sababu vililiwa vyote.

Mzee alitimiza zamu yake kwa heshima zote. Saa nane kamili alipiga kengele, akachukua chupa kutoka juu ya kabati, akampigia Kiranja goti karibu na mlango wa nyuma. Alifungua kizibo akakishika kwa meno. Aliinua kope kwa dole gumba, akaielekeza chupa, akaminya. “Moja,” akahesabu. “Mbili.” Kiranja alitikisa kichwa na kunguruma. Mzee akapitisha kidole chini ya jicho na kukuta majimaji, akaridhika. Halafu la kulia. Kisha alirudi mezani akaweka saini yake ile kubwa, yenye mkia uliozunguka mara mbili, saini iliyowahi kupamba vyeti vya watoto mia nane, na kuandika: *Imetiwa. Mgonjwa ameonyesha nidhamu.*

Baada ya chakula binti alisoma. “Saa kumi na mbili asubuhi: Imetiwa, hali ni ya kuridhisha. Saa nne: Imetiwa, anaendelea vizuri. Saa nane: Imetiwa, mgonjwa ameonyesha nidhamu. Saa kumi na mbili jioni: Imetiwa, mapigo ya moyo ni ya kawaida, wekundu umepungua.” Mzee alisikiliza amefumba macho, kichwa kikiinama kidogo kila penye kituo. Usikivu wake ulikuwa mzuri na daftari lilikuwa tamu. Tangu astaafu hakuwahi kulala usingizi mzito kama wa wiki ile.

Siku ya nne Kiranja aligonga ndoo. Siku ya tano alihamia chini ya cherehani, kwenye giza la vitambaa, akawa anatoka kula nyama ya vidonge na kwa matembezi ya asubuhi tu. Mkwe alisema, “Baba, huyu mbwa mbona kama hayuko sawa?” Mzee alimwita binti, akamwamuru asome. “Wekundu umepungua kwa kiasi kikubwa,” binti alisoma sentensi yake mwenyewe ya jana.

“Unasikia?” Mzee alimwambia mkwe.

Mkwe akarudi kwenye cherehani. Angeweza kuuliza zaidi, lakini anayeuliza zaidi huulizwa, na mwenye kuku wa kuiba hapendi kelele za jogoo.

Siku ya sita Mzee mwenyewe aligusa kope la kushoto baada ya kuminya dawa. Lile jicho lilikuwa gumu chini ya kidole, gumu kama goroli. Maneno ya daktari yakamjia. Alikaa sakafuni kitambo na hofu yake. Halafu akakumbuka daftari. Watu wanne, mara nne kwa siku, siku sita, na kila mmoja ameandika nafuu. Kidole ni kimoja. Katika utumishi wake wote hakuwahi kuona kidole kikishinda rejista.

“Kiranja,” alimwambia kwa sauti ya chini, “umeandikiwa nafuu. Jikaze.”

Kiranja akaweka kidevu chake kwenye goti la Mzee. Mbwa hajui kubishana na maandishi.

Siku ya nane, Ijumaa, walitoka saa moja kamili kama kawaida. Mzee alikipita kiti cheupe kifua mbele. Kiranja alitembea upande wake wa kushoto, lakini alitembea kama mtu anayetafuta swichi gizani, na bega lake lilikuwa likiachana na muundi wa Mzee mara kwa mara. Walipofika kwenye ukingo uliomomonyoka, Kiranja hakusimama wala hakuegemea. Alipiga hatua kwenye hewa, akatumbukia, na Mzee, aliyekuwa akifuata amri, akamfuata.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, ndivyo alivyowaambia watoto kila Jumatatu kwa miaka thelathini na mmoja. Asubuhi ile mkuu mwenyewe alikuwa ameketi kwenye mtaro, maji meusi yakimfika kiunoni, guu limeponea chupuchupu, kofia yake ikielea kuelekea sokoni.

Fundi baiskeli wa ng'ambo ya barabara alikuja mbio na spana mkononi. “Mzee! Huu mtaro si upo hapa siku zote?”

“Najua upo.”

“Sasa ilikuwaje?”

“Kiatu,” alisema Mzee.

Lakini hakunyoosha mkono avutwe. Alimtafuta Kiranja kwenye maji, akamvuta kifuani, akamshika kidevu. Aliupunga mkono mbele ya jicho la kushoto, mara moja, mara mbili. Mbwa hakupepesa. Au alipepesa, Mzee asione. Alijaribu tena, karibu zaidi, na bado hakuweza kujua. Hapo ndipo alipoogopa kweli. Kipofu alikuwa anampima kipofu katikati ya mtaro, na fundi baiskeli alikuwa shahidi.

Familia nzima ilienda kliniki, maana Mzee alitaka mashahidi. Alikuja na daftari kwapani, suruali imebadilishwa, kengele ameisahau nyumbani kwa mara ya kwanza. Afisa takwimu aliomba ruhusa kazini. Binti alivaa sare ya chuo. Mkwe alibeba chupa kwenye pochi yake.

Daktari alivuta pazia, akamulika jicho la kushoto, akaligusa. Akamulika la kulia. Akafungua pazia.

“Dawa mlitia?”

Mzee aliweka daftari mezani kama anayeweka kombe la ushindi. Daktari alilisoma lote, ukurasa kwa ukurasa, kwa adabu aliyofundishwa.

“Mwalimu, hili daftari ni safi kuliko la kliniki yangu,” alisema mwishoni. “Ila naona hapa Jumapili ijayo asubuhi imeshatiwa dawa. Imetiwa, hali ni ya kuridhisha. Leo si Ijumaa?”

Wote waligeuka kumtazama afisa takwimu.

“Nilijaza mapema,” alisema akilegeza tai. “Kuokoa muda. Ni makadirio.”

“Chupa iko wapi?”

Mkwe aliitoa. Daktari aliinyanyua dirishani, jua likapita ndani yake. Ilikuwa imejaa mpaka shingoni. Akatoa kizibo, akaipindua juu ya kiganja chake, akaminya kwa nguvu. Hakikutoka kitu.

“Hii chupa haijafunguliwa,” alisema. “Ncha yake haijatobolewa. Kwa siku nane hakuna tone lililotoka humu.”

Nje, mbuzi wa mtu aliyekuwa anasubiri alilia.

“Haiwezekani!” Sauti ya Mzee ilikuwa ile ya gwaride. “Nani? Nani ameniandikia uongo?”

Basi yakatoka, moja baada ya jingine, kama kawaida ya mambo mbele ya mwalimu mkuu. Mwanawe alisema Kiranja alimbwekea siku ya kwanza, na alikuwa amevaa shati jeupe, na kwa hesabu yake robo moja ya dozi ikikosekana robo tatu zinatosha. Mkwe alisema saa nne ndiyo saa ya wateja. Aliona saini ya saa kumi na mbili ipo, akajua mbwa ameshapata, akasaini ili Baba asione nafasi tupu. “Vidonge nilimpa vyote, Baba, naapa. Hivyo havikuwa na makaratasi.” Binti alianza kulia kabla ya kuulizwa. Alisema jioni anakuwa amechoka, na alipoona saini tatu, moja ni ya Baba, aliona yake ni ya kukamilisha tu.

“Na mapigo ya moyo?” aliuliza daktari.

“Yalikuwa ya mwalimu wetu wa mazoezi,” alilia binti. “Nilinakili.”

Mzee alisimama. Alikuwa na hotuba, na ilikuwa kali. Ilihusu uaminifu, rejista, na taifa. Siku nane nyumba yake ilikuwa imempaka mafuta kwa mgongo wa chupa, na chupa yenyewe ndiyo hiyo imejaa. Alivuta pumzi.

“Na saa nane, Mwalimu?” daktari aliuliza taratibu. “Hii saini kubwa ni ya nani?”

“Yangu! Mimi nilitia. Kila siku, kwa mkono wangu huu, mbele ya Mungu.”

“Ulitia nini?”

Mzee aliuinua mkono huo. Alikumbuka kizibo kwenye meno, *moja*, *mbili*, majimaji kwenye kidole. Machozi ya mbwa. Alikuwa ameyapangusa machozi ya mbwa anayeumia, akayaandikia saini.

Daktari aliizungusha chupa, akampa Mzee, kidole chake kikiwa kwenye lebo. “Nisomee hapa, Mwalimu. Kwa sauti.”

Ulikuwa mtihani mwepesi, mistari miwili. Mzee aliiweka chupa mbali, akaileta karibu. Angeweza kuisogeza mpaka puani, na huko pengine angesoma, lakini watu walikuwa wanatazama. Akakohoa.

“Tikisa kabla ya kutumia,” alisema kwa sauti kavu. “Weka mbali na watoto.”

Binti ndiye aliyeinama juu ya mkono wa baba yake, kwa mazoea ya kumsomea, akasoma kilichoandikwa: “Kaza kizibo mpaka mwisho ili kitoboe chupa. Kisha tumia.”

“Baba,” alisema mkwe polepole. Alikuwa mtu wa kutunga sindano uzi, na mambo ya macho aliyajua. “Baba, wewe huoni.”

Aibu ilimpanda Mzee kutoka miguuni, moto, kama ilivyowapanda watoto wote aliowahi kuwasimamisha juu ya dawati. Mkono wake ulishuka wenyewe kando ya mguu, na hapo chini ukakuta kichwa cha Kiranja, kimeegemea muundi wake palepale kilipozoea.

“Miaka miwili,” alisema.

“Miaka miwili!” Mwanawe alishika kichwa. “Na barabarani ulikuwa unatembeaje?”

Mzee alimpapasa mbwa sikio. Kwa mara ya kwanza katika ukoo ule watu walielewa bila kuandikiwa.

Daktari alikaza kizibo mpaka kikalia *tik*. Ni sauti ndogo sana, wala haihitaji shule mbili na maktaba. “La kushoto limekwenda,” alisema, na sasa hakuficha mikono nyuma wala hakulainisha neno. “Tutampa ya kutuliza maumivu, lakini kuona, basi. La kulia bado lipo. Vidonge ndivyo vilivyoliokoa, shukrani kwa huyu mama. Naanza na tone la kwanza mwenyewe. Mkilikosesha hili nalo dawa, msinirudie na daftari.”

Hakuna aliyepiga kengele jioni hiyo. Walirudi, na Mzee akafika kibarazani, akakipapasa kiti cheupe kwa mkono, akakaa. Kilikuwa imara kuliko alivyodhani, jambo lililomuudhi zaidi.

“Jumatatu hospitali, Baba,” mkwe alisema akiwa mlangoni. “Na hilo sisaini popote. Nakupeleka mwenyewe, na nakaa mpaka watoke nalo hilo pazia.” Nyani haoni kundule, alitaka kuongeza, lakini alikumbuka saa nne zake zote, akameza.

Ilipofika saa kumi na mbili ilikuwa zamu ya muuguzi. Alikuja na chupa. Mkwe alimshika Kiranja taya. Mzee aliinama, akaweka kidole chake chini ya jicho la kulia, akakiacha hapo.

“Tia.”

La kwanza lilipotea kwenye manyoya. La pili liliingia, likajaa, na kilichozidi kikateremka mpaka kwenye kidole cha Mzee. Lilikuwa baridi. Machozi ya siku nane yalikuwa ya moto. Sasa alijua tofauti.

“Limeingia,” alisema.

Nyuma yake karatasi ilichakacha. Mwanawe, kwa mazoea tu, alikuwa amelileta daftari kutoka mezani, amelifungua penye Ijumaa, na anatafuta safu ya dada yake.

Mzee hakugeuka. Hakuhitaji macho, sauti hiyo angeitambua hata kaburini.

“Kalamu chini,” alisema.